Mkate wa Brauni: Tulikuwa Tunalipia Rangi

Wasee, leo si kontenti ya kucheka. Leo ni stori ya mkate, na nimekasirika kiasi.

Shosho yangu anaishi Kawangware, upande wa Gatina. Mimi na mathe tuko Kibera, karibu na Olympic. Mwaka jana shosho alianza kuamka usiku mara nne, mara tano, kwenda choo. Na mnajua choo ya ploti usiku ni safari. Akapelekwa kupimwa, sukari ikapatikana iko juu. Akapewa dawa, na pamoja na dawa akapewa maneno matano: "Wacha mkate nyeupe, kula brauni." Basi. Hakuna mtu alieleza zaidi. Foleni ilikuwa ndefu na wahudumu wachache, kwa hivyo siwalaumu sana.

Tangu siku hiyo mathe alianza kuuchukulia mkate wa brauni kama dawa. Kila baada ya siku mbili ananunua ule wa gramu 400, na mimi ndiye wa kuupeleka. "Peleka hii kwa shosho, na usiguse hata kipande." Natoka Olympic, naingia Ngong Road, nashika Naivasha Road hadi Kawangware. Siku ya fare napanda mat, siku ya ukame natembea na mguu. Dukani kwetu nyeupe ilikuwa 60 na brauni 70. Shilingi kumi zaidi. Kuna mtu huongeza kumi bila kuuliza anapata nini? Ndio, sisi. Tulifanya hivyo miezi minane.

Siku moja natembea, mvua ikanishika karibu na Kawangware. Nikajificha kwa baraza ya duka fulani. Simu haina bundle, nimebaki na mkate peke yake. Ndio nikaanza kusoma karatasi ya mkate, kwa sababu ya kuboeka tu.

Hivi ndivyo ilisema, kwa mpangilio huo: unga wa ngano, maji, sukari, mafuta ya mimea, pumba ya ngano, hamira, chumvi, rangi ya karameli.

Nikasoma tena. Rangi ya karameli? Manze, karameli ni ile rangi inatengenezwa kwa kuchoma sukari. Ndiyo hiyo hutia soda rangi nyeusi. Inafanya nini kwa mkate ambao mgonjwa wa sukari ameambiwa ndio utamsaidia?

Kabla mtu hajaniuliza mimi ni nani wa kuongea kuhusu chakula, nijibu mapema. Sina digrii. Niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ilikataa na mimi pia nikakataa. Sijasomea lishe. Lakini najua kusoma, na baada ya siku hiyo nilisoma sana. Kila kitu nitasema hapa ni kitu unaweza kwenda kuangalia mwenyewe.

Tuanze na karatasi. Sheria ya lebo ni kwamba viungo vinaandikwa kulingana na uzito. Kile kiko kingi ndicho cha kwanza, kile kidogo ndicho cha mwisho. Na kwa sababu lebo zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kuna mchezo wa maneno lazima uujue. Ukiona "wheat flour" peke yake, huo ni unga mweupe wa kawaida, ule ule wa mkate mweupe. Kila unga wa ngano unatoka kwa ngano, kwa hivyo neno "wheat" halikuambii kitu. Maneno ya kutafuta ni "whole wheat" au "wholemeal", na yawe ya kwanza kabisa kwenye orodha. Kama yamekuja baada ya unga mweupe, basi unga mweupe ndio mwingi. Na kama hayapo kabisa, una mkate mweupe ambao umeongezwa pumba kidogo na kupakwa rangi.

Sijasema mikate yote ya brauni iko hivyo. Kuna mikate ya ngano nzima ya ukweli, nimeiona supamaketi, na mingi bei yake inakutoa machozi. Ninachosema ni kwamba rangi haiwezi kukuambia ni gani ni gani. Mkate mmoja unaweza kuwa brauni kwa sababu ya pumba, mwingine kwa sababu ya karameli, na kwa macho unaona ni mapacha.

Sasa swali lenyewe: mkate wa nafaka nzima ni bora kuliko mweupe? Jibu ni ndio. Lakini usikimbie dukani bado, jibu liko na masharti.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Nje kuna pumba, ganda ambalo limebeba nyuzinyuzi, madini na vitamini. Ndani kuna kiini, pale mmea mpya ungechipuka, kimejaa vitamini na mafuta mazuri. Halafu kuna sehemu kubwa ya katikati, ambayo kazi yake kubwa ni wanga. Unga mweupe ni ile sehemu ya katikati peke yake. Pumba na kiini vinaondolewa, na pumba nyingi inaishia kuwa chakula cha ng'ombe na kuku. Fikiria hiyo. Kuku wanapewa ile sehemu yenye afya, sisi tunabaki na wanga, halafu tunaambiwa tununue pumba kidogo tuliyorudishiwa kwa bei ya juu.

Na ushahidi uko. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani. Waliweka pamoja tafiti nyingi za miaka mingi wakapata kwamba watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi, ukilinganisha na wale wanaokula kidogo, hufa mapema kwa kiwango cha chini, asilimia 15 hadi 30 chini. Magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana, yote yalikuwa machache kwao. Mwaka 2023 Shirika hilo likaandika kwenye mwongozo wake kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku.

Tuweke hesabu. Gramu 100 za mkate mweupe, kama vipande vitatu vinne hivi, zina nyuzinyuzi gramu 2 au 3. Gramu 100 za mkate wa ngano nzima ya ukweli zina kama 6 au 7. Hiyo ni mara mbili na zaidi. Kwa hivyo mtu akikuambia ngano nzima ni stori za matajiri, mwambie apunguze.

Lakini hapa ndipo palinishtua. Kuna kipimo kinaitwa glaisemiki indeksi, kinaonyesha chakula kinapandisha sukari ya damu kwa kasi gani. Glukosi safi ni 100. Kwenye jedwali la kimataifa la mwaka 2008, wastani wa mkate mweupe ni 75. Wastani wa mkate wa ngano nzima ni ngapi? 74.

Soma tena. 75 na 74. Tofauti ya moja.

Sababu ni kwamba hata ngano nzima ikisagwa laini sana, tumbo linaivunja haraka. Nyuzinyuzi ziko, faida zake za miaka mingi ziko, lakini kwa ile saa moja baada ya kula, sukari inapanda karibu sawasawa. Kwa hivyo hata kama mkate wetu ungekuwa wa ukweli, shosho hakuwa na ruhusa ya kula vipande vitano kwa kikao kimoja. Na alikuwa anakula vitano! Kwa nini asile? Aliambiwa brauni ni sawa. Wakati ulikuwa mweupe alikuwa anajizuia, anakula viwili. Ulipokuwa brauni, breki zikatoka. Huo ndio ubaya wa ushauri wa maneno matano. Ulimfanya ale mkate mwingi kuliko zamani, na kila mtu kwa nyumba alikuwa anampongeza.

Sasa niwapeleke mahali hamkutarajia: Kampala.

Hii imani ya dunia nzima kwamba nyuzinyuzi ni muhimu, ile inawafanya Wazungu waweke pumba kwa kila kitu, kwa sehemu kubwa ilianzia hapa kwetu. Kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi hospitali ya Mulago kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960. Madaktari wanamjua kwa sababu kuna saratani inabeba jina lake. Lakini alikuwa ameona kitu kingine. Magonjwa ambayo yalikuwa yanajaza hospitali za Uingereza, kama matatizo ya utumbo, kufunga choo na saratani ya utumbo mpana, alikuwa hayaoni sana kwa watu wa vijijini hapa. Daktari mwingine, Hugh Trowell, ambaye alifanya kazi Kenya na Uganda karibu miaka 30, alikuwa ameona vilevile.

Burkitt akaanza kuuliza watu wanakula nini. Halafu, wasee, akaanza kupima choo. Sitanii. Alipima uzito wa kinyesi na muda chakula kinachukua kutoka mdomoni hadi nje. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha matokeo. Wanakijiji wa Uganda walikuwa wanatoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kinapita kwa kama siku moja na nusu. Waingereza wa jeshi la majini walikuwa wanatoa kama gramu 100, na chakula kinakaa ndani zaidi ya siku tatu. Siku tatu, buda! Chakula ya Ijumaa bado inazunguka Jumatatu.

Na wale wanakijiji hawakuwa wanakula mkate wa brauni. Walikuwa wanakula maharagwe, matoke, viazi vitamu, mahindi, mtama, mboga. Chakula yenye shosho alikulia nayo. Chakula yenye wewe na mimi tulikuwa tunaficha shule ya msingi, kwa sababu mtoto wa mkate na soseji ndiye alikuwa anaonekana wa maana, na mtoto wa githeri baridi anachekwa.

Simaanishi wazee wetu waliishi maisha matamu bila magonjwa. Watu walikufa kwa vitu vingine vingi, na Burkitt hakuwa sahihi kwa kila kitu alichodhani. Lakini wazo lake kubwa limesimama, na ile kazi ya 2019 inaonyesha hivyo. Dunia ilikuja hapa ikaona sahani ya mashambani, ikaenda nayo Ulaya ikaifanya sayansi. Baadaye ikaturudia kama mkate uliopakwa rangi, kumi juu. Na sisi tukanunua.

Najua venye mtasema. "Sasa unataka turudi ushago?" "Githeri inapikwa masaa matatu, makaa utanunua wewe?"

Hapo mko sawa, na hapo ndipo watu wengi wa kutoa ushauri wa afya huniudhi. Wanaongea kama kila mtu ana jiko la gesi na jioni ya kupumzika. Mkate unashinda hapa mtaani kwa sababu hauhitaji moto. Mtu wa mjengo anatoka saa kumi na moja asubuhi. Mama ana watoto watatu na jiko moja. Mwanafunzi anaishi kwa chumba yenye hata kuchemsha maji ni kesi na mwenye nyumba. Nusu mkate na chai ya strungi na siku inaanza. Mtu asikufanye uone aibu kwa hiyo. Hata mimi leo asubuhi nimekula mkate mweupe.

Na mkate mweupe si sumu, tuache kutishana. Kuanzia mwaka 2012 sheria ya Kenya inasema unga wa ngano na wa mahindi unaopakiwa viwandani uongezwe vitamini na madini, kama chuma, zinki na foliki asidi. Yaani sehemu ya kile kilichotolewa na pumba kinarudishwa. Nyuzinyuzi ndizo hazirudishwi.

Kwa upande mwingine, kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama. Mahindi ya posho mill yanasagwa na ganda lake, na hiyo ni nafaka nzima bila lebo yoyote. Napenda sana. Lakini kama mahindi yaliwekwa na unyevu yakaota ukungu, yanaweza kuwa na sumukuvu, ile watu huita aflatoksini. Mwaka 2004 iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Na pakiti ya kiwandani haikukingi kabisa, kwa sababu Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilipiga marufuku unga wa mahindi wa aina tano kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo ukienda posho mill angalia mahindi. Yawe makavu, yasiwe na madoa ya kijani au meusi, yasinuke ukungu. Kama huna uhakika, wacha. Hakuna nyuzinyuzi yenye thamani ya ini lako.

Sasa nini kinawezekana kwa mtu wa Kibera na Kawangware, na doo yenye tuko nayo? Nitawaambia venye tumefanya sisi, na si hadithi ya miujiza.

Kwanza tuliacha kulipia rangi. Ile kumi kwa kila mkate, mikate 15 kwa mwezi, ni 150. Kwa miezi minane ni 1,200. Kwa bei ya maharagwe ya siku hizo pale sokoni, 200 kwa kilo, hizo ni kilo sita. Kilo sita za maharagwe, tuliwapa watu karameli.

Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina nyuzinyuzi kama gramu 6 hivi au zaidi. Unakumbuka mkate wa ngano nzima una ngapi? Ni zile zile, 6 au 7. Kile kitu tulikuwa tunatafuta kwa karatasi ya mkate kilikuwa kwa sufuria ya mama wa kibanda muda wote. Na maharagwe yana kitu mkate hauna: sukari yake inaingia kwa damu polepole.

Pili, suala la moto. Mnawajua wale wamama huchemsha maharagwe na githeri kwa sufuria kubwa kando ya barabara, wanauza kwa kikombe? Wako Makina, wako Lindi, wako Kawangware pale karibu na soko. Moto mmoja unapikia watu mia. Unanunua kikombe, unaenda nyumbani unakaanga na kitunguu na nyanya kwa dakika kumi. Hao wamama wamesaidia matumbo ya mtaa huu kuliko tangazo lolote la mkate, na hakuna mtu amewahi kuwapa hata bango.

Tatu, kama ni mkate, basi uwe mdogo na usije peke yake. Vipande viwili na madondo ni mlo mwingine kabisa ukilinganisha na vipande vitano na chai ya sukari tatu. Ndio, mkate mweupe. Nimesema.

Nne, uji. Unga wa wimbi uliosagwa na ganda lake, usiokobolewa. Lakini sukari ipungue. Ukiweka vijiko vinne vya sukari kwa kikombe, hiyo si afya tena, ni soda ya moto.

Na kwa yeyote ana mgonjwa wa kisukari nyumbani: usiache dawa kwa sababu ya posti ya kijana aliyetoroka kampasi. Kula kunasaidia dawa, hakuchukui nafasi yake. Ukienda kliniki, uliza swali moja zaidi hata kama foleni inanung'unika nyuma yako: kiasi gani? Uliza kila chakula unachoambiwa ule ni kiasi gani. Tungeuliza hilo siku ya kwanza, hatungepoteza miezi minane.

Kuna kitu cha mwisho, na hiki ni chetu sisi wa rika hili.

Juni 2024 tulipoambiwa mkate utawekwa ushuru wa asilimia 16, nchi nzima ilisimama. Vijana wa Kibera na Kawangware walikuwa tao na mabango, na Juni 18, siku ya maandamano ya kwanza, wakatangaza ushuru wa mkate umetolewa. Wiki moja baadaye mambo yakawa makubwa kuliko mkate, na kuna watu walienda mjini hawakurudi nyumbani. Siwezi kuandika neno mkate bila kukumbuka hiyo.

Tulisoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu. Watu wasio na digrii ya uchumi waliutafsiri kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, wakautupa TikTok hadi kila mtu akaelewa. Sasa mimi najiuliza, kama tunaweza kusoma mswada wa kurasa nyingi namna hiyo, tunashindwaje kusoma karatasi ya mkate yenye mistari minne?

Ombi langu ni dogo. Mkate ukiuzwa kwa jina la brauni au wa afya, mbele ya karatasi iandikwe kwa namba kubwa: unga wa nafaka nzima ni asilimia ngapi. Si nyuma, si kwa herufi za kupima macho. Mbele. Na iandikwe kwa Kiswahili pia, kwa sababu mathe yangu anasoma Kiswahili vizuri sana, na miezi minane alishika hiyo karatasi mkononi bila mtu kumwambia ukweli kwa lugha yake. Kama ni asilimia 100, hongera, uza kwa 100 bob mwenye nayo anunue. Kama ni asilimia 5 na karameli, tujue, tuchukue ule wa 60 tuende zetu.

Mathe nilipomweleza alinyamaza kwanza. Halafu akaniuliza kama nina uhakika, akachukua karatasi, akaniambia nimsomee neno moja moja kwa Kiswahili. Nilipofika karameli aliikunja akaiweka kwa mkoba. Hakusema kitu. Mathe akinyamaza hivyo, ujue ameumia. Si kwa sababu ya kumi. Ni kwa sababu alikuwa anajua anamtunza mamake, na kumbe kuna mahali alikuwa anachezwa.

Shosho yeye alicheka hadi akakohoa. "Kwa hivyo mlikuwa mnaniletea mkate umepakwa rangi kama nyumba ya kupangisha?" Halafu akasema jambo ambalo limenikaa. Akasema akiwa msichana walikuwa wanakula wimbi na maharagwe kwa sababu hawakuwa na pesa, na mkate ulikuwa wa Krismasi. Alipokuja Nairobi akaona ameomoka kwa sababu anakula mkate kila siku. "Sasa nimezeeka mnaniambia nirudi kwa wimbi. Si mngeniambia nikiwa bado na meno!"

Sukari yake bado tunaipima. Kuna wiki inakuwa poa, kuna wiki inasumbua. Sitawadanganya kwamba maharagwe yamemponya. Lakini sasa anakula vipande viwili, anajua ni kwa nini, na safari zangu za Kawangware zinaendelea. Tofauti ni kwamba siku hizi nabeba kontena ya madondo, na ninaruhusiwa kuonja njiani.

Leo jioni ukienda dukani, kabla hujatoa hiyo kumi ya juu, geuza mkate usome neno la kwanza.